Jinsi ya Kuchunguza Historia na Utawala wa Mji wa Soko wa Uingereza: Mfano wa Stratford-upon-Avon

Anzia mitaani kabla hujafungua jalada lolote. Mji wa Stratford-upon-Avon unajulikana duniani kwa ajili ya Shakespeare, lakini majina ya mitaa yake yanasimulia zaidi habari za mifugo: Sheep Street ni mtaa wa kondoo, na Rother Street umebeba neno la kale la Kiingereza lenye maana ya ng'ombe. Mwaka 1196 Askofu wa Worcester, aliyekuwa mwenye ardhi, alipata kibali cha Mfalme Richard wa Kwanza cha kuendesha gulio kila Alhamisi. Viwanja vikapimwa, kila kimoja takriban mita 18 kwa 60, kwa kodi ya peni 12 kwa mwaka.

Baada ya mitaa, swali lenye uzito ni hili: nani alikuwa na mamlaka juu ya soko, na fedha zake zilimwendea nani? Kwa muda mrefu mwenye mji alikuwa askofu, ingawa shule na nyumba za maskini zilitunzwa na chama cha kidini cha Msalaba Mtakatifu. Chama hicho kilifutwa mwaka 1547, na pengo lake likazibwa na hati ya kifalme ya mwaka 1553, iliyounda baraza la wazee 14 na wajumbe 14 chini ya mkuu wa mji, aliyeitwa beilifu. John Shakespeare, baba yake mshairi, alishika cheo hicho mwaka 1568.

Usiishie kwenye hati, kwa maana hati hueleza mji ulivyokusudiwa kuwa. Maisha yenyewe yamo katika kumbukumbu za mahakama na daftari za hesabu. Huyo huyo John, mwaka 1552, alitozwa faini ya peni 12 kwa kuweka jaa la samadi Henley Street, kiasi kilicholingana na ile kodi ya kiwanja ya mwaka mzima. Kwangu mimi, mstari huo mmoja unafundisha utawala wa mji kuliko sheria nyingi. Nyaraka za mji hutunzwa na Shakespeare Birthplace Trust, taasisi inayohifadhi urithi wa Shakespeare; nyingi za kale ni za Kilatini. Uwe mwangalifu na tarehe pia: kabla ya 1752 mwaka wa kisheria ulianza tarehe 25 Machi, hivyo waraka wa Februari 1563 kwa hesabu yetu ni wa 1564.

Sheria ya mwaka 1835 ilileta mabaraza ya kuchaguliwa na walipa kodi, na mageuzi ya mwaka 1974 yakagawa madaraka katika ngazi tatu. Hapa wengi hupotea. Baraza la mji linaitwa Stratford-upon-Avon na ndilo lenye meya, ilhali halmashauri ya wilaya inaitwa Stratford-on-Avon, nayo hushughulikia vibali vya ujenzi na uzoaji wa taka. Barabara na shule ziko chini ya kaunti ya Warwickshire. Kwa hiyo, kabla ya kuomba kumbukumbu ya jambo lolote la baada ya 1974, hakikisha kwanza ni ngazi ipi iliyoliamua. Kwa mambo ya sasa, soma ajenda ya baraza la mji, ambayo sheria inataka itangazwe siku tatu kamili kabla ya kikao, kisha nenda ukasikilize, kwa kuwa vikao hivyo kwa kawaida viko wazi kwa umma.