Namna ya kuitambua miungo ya kikemikali kwa chumvi, sukari na waya wa shaba

Mwanafunzi wa Bagamoyo anayetaka kuielewa miungo ya kikemikali, yaani nguvu zinazozishikanisha atomi na molekuli, anaweza kuanzia kwenye mashamba ya chumvi ya pwani yake. Atayarishe chumvi, sukari, betri mbili za tochi, globu ndogo inayolingana nazo na waya za shaba. Umeme wa nyumbani asiutumie kabisa.

Unga mzunguko ukiacha pengo dogo, kisha uliunganishe pengo hilo kwa kipande cha shaba. Globu itawaka, kwa sababu katika muungo wa metali elektroni za nje, yaani chembe ndogo zenye chaji hasi zilizo pembeni mwa atomi, hazimilikiwi na atomi moja bali hutembea baina ya zote.

Ukizichomeka ncha za pengo katika chumvi kavu, globu haitawaka. Chumvi ni sodiamu na klorini: kila atomi ya sodiamu imeipa atomi ya klorini elektroni moja, na ioni zilizopatikana, yaani atomi zenye chaji, chanya na hasi, zimeshikana kwa muungo wa ioni kwa nguvu hata chumvi haiyeyuki kwa joto mpaka lifike nyuzi 801 za Selsiasi. Ikoroge nyingi katika maji kidogo, uzikaribishe ncha bila kuzigusanisha, nayo globu inaweza kuwaka, japo hafifu, kwa kuwa ioni sasa zinaweza kusogea. Fanya hivi kwa muda mfupi mahali penye hewa, maana gesi ya klorini huweza kutoka.

Maji ya sukari hayataiwasha. Katika muungo wa kovalenti atomi humiliki jozi za elektroni kwa ubia, na molekuli za sukari, yaani makundi ya atomi zilizoungana hivyo, hutawanyika majini zikiwa nzima, bila chaji.

Wanafunzi wengi hukosea hapa: jua linapoyakausha maji ya bahari, huandika kwamba haidrojeni na oksijeni zimeachana. Kinachokatika ni muungo wa haidrojeni, yaani mvuto baina ya molekuli ya maji na jirani yake, ambao ni dhaifu kuliko muungo wa kovalenti ulio ndani ya molekuli. Mvuke ungali maji. Hata hivyo mvuto huo una kazi kubwa, kwani maji huchemka kwenye nyuzi 100, ilhali haidrojeni salfaidi, yenye molekuli nzito zaidi, huchemka kwenye nyuzi 60 hivi chini ya sifuri. Ioni zilizobaki katika shamba la chumvi, zikikosa maji ya kuzitenga, hushikana tena, na hiyo ndiyo chumvi inayokwanguliwa.