Jinsi ya kupima klasi ipi inafaa zaidi vitani katika michezo ya kuigiza ya mezani

Wachezaji wanapobishana klasi ipi, yaani aina ipi ya mhusika, ni kali zaidi vitani, kila mmoja hutaja pigo moja analolikumbuka: mchawi aliyeteketeza maadui wanane kwa mkupuo, au mwizi aliyemwangusha jemadari kwa mshale mmoja. Mapigo ya namna hiyo hukumbukwa kwa sababu ni nadra, na kitu cha nadra hakifai kuwa kipimo. Njia ninayoieleza hapa hupima klasi kwa siku nzima ya safari. Mifano nimeitoa katika kanuni za Dungeons & Dragons za mwaka 2014, mchezo maarufu wa aina hii, kwa wahusika wa ngazi ya 5 (ngazi huonyesha mhusika amekua kiasi gani), ingawa hesabu yenyewe inafaa mchezo wowote wenye dadu, zamu na pointi za uhai.

Kwanza weka sharti moja kwa wote. Chukua adui mwenye kinga 15, yaani jumla ambayo shambulio lazima liifikie ili limpate, ambayo ndiyo kinga ya goblini (zimwi dogo) na pia ya troli (zimwi kubwa), na mhusika anayeongeza 7 kwenye dadu ya pande 20 kila anaposhambulia. Mhusika huyo anahitaji kupata 8 au zaidi, yaani nafasi 13 kati ya 20, sawa na asilimia 65. Mpiganaji mwenye upanga wa mikono miwili hurusha dadu mbili za pande sita na kuongeza 4, kwa wastani wa pointi 11. Zidisha 11 kwa 0.65, kisha ongeza kiasi kidogo kwa ajili ya ile 20 kamili inayorudufisha dadu za madhara, nawe utapata pointi 7.5 kwa pigo. Kwa kuwa katika ngazi ya 5 hupiga mara mbili kwa zamu, wastani wake ni 15 kwa raundi, yaani mzunguko ambao kila mmoja hupata zamu moja.

Mwizi mwenye upinde mfupi hupiga mara moja tu, lakini shambulio lake la kuvizia huongeza dadu tatu za pande sita. Pigo likiingia lina wastani wa 18, na kwa raundi ni takriban 12.4. Akijificha vizuri na kuruhusiwa kurusha dadu ya pande 20 mara mbili ili achukue tokeo kubwa, anafika 17.2. Kwa hiyo usiandike namba moja ya mwizi, bali mbili, kisha ujiulize kwa uaminifu ni mara ngapi mezani kwenu huwa anapata pa kujificha. Mimi niliwahi kumweka mwizi mkiani mwa orodha kwa sababu msimamizi wetu, yaani anayeendesha mchezo na kuwachezesha maadui, alipenda mapigano ya uwanja wazi. Kosa halikuwa la mwizi.

Mchawi ndiye anayevuruga hesabu, maana nguvu zake huisha. Mpira wa moto hurusha dadu nane za pande sita, wastani 28, na anayefaulu jaribio la kukwepa huumia nusu. Ikiwa maadui hukwepa kwa asilimia 40, kila mmoja wao hupoteza wastani wa pointi 22.4. Katika ngazi hii mchawi anaweza kuurusha mara mbili, na mara ya tatu baada ya kurejesha sehemu ya nguvu zake katika pumziko fupi. Baada ya hapo hubaki na cheche za moto zisizoisha, ambazo wastani wake ni 7.7 kwa raundi, karibu nusu ya mpiganaji.

Sasa panga siku. Tuseme kuna mapambano matatu ya raundi nne, yenye mapumziko mafupi mawili katikati, na kila mpira wa moto unawakuta maadui watatu waliosimama karibu. Mpiganaji anafikisha 225, zikiwemo zile zamu za ziada ambazo hujisukuma kuzipata mara moja mwanzoni mwa siku na mara moja baada ya kila pumziko. Mchawi anafikisha takriban 271. Ongeza mapambano yawe sita bila kuongeza mapumziko, na mpiganaji anapanda hadi 405 huku mchawi akifika 363. Rudi kwenye mapambano matatu, lakini kila mpira wa moto umpate adui mmoja tu, na mchawi anaporomoka hadi 136. Hakuna kilichobadilika katika klasi zenyewe. Kilichobadilika ni ratiba ya msimamizi na mahali maadui waliposimama. Kitabu cha msimamizi cha kanuni hizo kilikadiria mapambano sita hadi nane kwa siku, na meza inayopigana mara moja kisha ikalala hadi asubuhi itamwona mchawi kuwa mfalme kila wiki. Kabla ya kulinganisha chochote, hesabu mapambano ya vikao vyenu vitatu au vinne vya mwisho.

Hatua inayofuata ni kuondoa madhara yaliyopotea. Goblini ana pointi 7 za uhai, hivyo pigo la mwizi la pointi 18 hutupa 11 hewani, ilhali mpiganaji anaweza kuwaangusha wawili kwa zamu moja. Troli ni kinyume chake: ana pointi 84, na mwanzoni mwa kila zamu yake hujirudishia 10 isipokuwa ameguswa na moto au asidi. Mpiganaji akiwa peke yake na upanga wake hukata 15, troli hurudisha 10, na hata akifikishwa sifuri hafi iwapo hajaungua. Hapo zile cheche dhaifu za mchawi zinabadilika thamani. Kila zinapompata huzuia pointi 10 zisirudi, na ukiuingiza uzuiaji huo, 7.7 yake inakaribia 14.

Kisha pima uvumilivu kwa namna hiyo hiyo. Troli akipiga kwa meno na makucha yote mawili, madhara ya wastani ni 29. Mchawi mwenye pointi 32 anabaki na 3. Mbabe mwenye pointi 55, akiwa ndani ya hasira yake, hupokea takriban nusu ya madhara hayo, hivyo dhidi ya silaha, meno na makucha pointi zake hufanya kazi kama 110. Lakini adui asipokuwa na sababu ya kumshambulia yeye, uvumilivu huo haumsaidii mtu.

Kuhani huonewa kuliko wote, kwa kuwa kazi yake huandikwa kwenye hesabu za wenzake. Baraka yake huwaongezea hadi watu watatu dadu ya pande nne katika kila shambulio, wastani wa 2.5, sawa na asilimia 12.5 za kupata. Kwa mpiganaji wetu ni kama pointi 2.75 kwa raundi, na kwa mwizi 2.25. Ziandike kwenye safu ya kuhani, na zamu yoyote inayopatikana kwa kumwinua mwenzake aliyeanguka uiandike hapo pia. Fanya vivyo hivyo kwa mchawi anayemgandisha adui badala ya kumchoma: zamu alizopoteza adui ni madhara ambayo kikundi hakikuyapata.

Mwisho, rudia hesabu kwa kila ngazi mnayoicheza. Katika ngazi ya 4, kwa kinga ile ile ya 15, mwizi hutoa 9.2 kwa raundi na mpiganaji takriban 7. Ngazi moja baadaye mpiganaji anapata pigo la pili na kumpita, na katika ngazi ya 11 anapata la tatu.