"Usalama" huo ni "safety" au "security"? Mwongozo kwa wanaoandika ripoti Goma

Ukifanya kazi na mashirika hapa Goma, utafika siku utakapokabidhiwa maelezo ya kikao, nusu Kiswahili nusu Kifaransa, uambiwe yanatakiwa kwa Kiingereza kabla ya jioni. Neno litakalokukwamisha si lile gumu. Ni "usalama". Kiswahili kinatosheka na neno hilo moja, Kiingereza kina "safety" na "security", na anayesoma ripoti yako anaamua nani wa kutumwa kwa kuangalia ulichoandika. Akisoma "safety" anawaza fundi au daktari. Akisoma "security" anawaza walinzi na askari.

Hatua ya 1: Usipitie Kifaransa

Wengi wetu tumesoma kwa Kifaransa, kwa hiyo mkono unajiendea wenyewe: "sécurité" inageuka "security". Lakini "sécurité routière" ni "road safety". Kwenye ndege ndiyo mambo yanapinduka kabisa: Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, kinachohusu utekaji na hujuma, kwa Kiingereza kinatumia neno "security" na kwa Kifaransa "sûreté". Ukidhani sasa umepata kanuni, nenda kwenye nyuklia: huko "sûreté" ndiyo "safety". Achana na neno la Kifaransa, tazama tukio lenyewe.

Hatua ya 2: Uliza kama kuna mtu mwenye nia mbaya

Hatari ikitoka kwenye ajali, moto, ugonjwa au maumbile, andika "safety". Ikitoka kwa mtu aliyekusudia kudhuru au kuiba, andika "security". Mashua inaondoka bandari ya Kituku imejaa kupita kiasi na jaketi za kuokolea hazitoshi: "safety". Mashua hiyohiyo inavamiwa ziwani na watu wenye bunduki: "security". Mazuku, ile hewa nzito inayojikusanya mabondeni na kuua bila kelele, ni "safety", hata ikiua watu wengi namna gani.

Kuna siku yote mawili yanakutana. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na tarehe 27 serikali ikaamuru sehemu ya mji ihame. Aliyefunga nyumba akakimbilia Sake alikimbia kwa ajili ya "safety". Kufuli aliyoacha mlangoni ni ya "security". Ukiandika ripoti ya tukio kama hilo, tumia sentensi mbili, usiyabane yote kwenye neno moja.

Hatua ya 3: Mrudishe msemaji kwenye tukio

Hapa ndipo kazi inapoharibika zaidi, kwa sababu mfasiri anaona haya kuuliza. Mama anasimama kikaoni: "Pale kwenye bomba hakuna usalama." Usiandike kwanza. Muulize, "Mama, ni nini kinatokea pale?" Akijibu, "Mawe yanateleza, mtoto ameanguka na bidoni ya maji," hiyo ni "safety", na dawa yake ni saruji. Akijibu, "Kuna vijana wanatungojea, wanatuomba franga ndio tupite," hiyo ni "security", na saruji haitamsaidia kitu. Sentensi yake ya kwanza ni ileile. Swali lako ndilo linalozitenganisha.

Hatua ya 4: Ukifika kwenye "safe" na "secure", legeza kanuni

Kwa mtu, Kiingereza hupenda "safe" hata pale hatari inapotoka kwa watu wengine. Mwanamke anayeogopa kupita njia fulani usiku "does not feel safe". Ukiandika "she feels insecure", msomaji wa London ataelewa kwamba dada huyo hajiamini, labda ana wasiwasi na sura yake! Nimeona sentensi ya namna hiyo kwenye rasimu nyingi kuliko ninavyopenda, na karibu kila mara chanzo ni "insécurité" ya Kifaransa. Nomino "insecurity" haina shida unapozungumzia eneo: "insecurity in Masisi" inaeleweka vizuri. Tatizo ni kumvika mtu sifa ile.

"Secure" ibakize kwa vitu na mahali palipofungwa au kulindwa: mlango, ghala, ua wenye zamu getini.

Hatua ya 5: Kwenye chakula, simama

"Food security" haina uhusiano na mwizi. Ni watu kuwa na uhakika wa kupata chakula cha kutosha na chenye lishe, wakati wote. "Food safety" ni chakula kisichodhuru: unga usio na kuvu, maziwa yasiyoharibika. Barabara ya Masisi ikifungwa na bei ya maharagwe ikapanda kwenye soko la Virunga, familia zikapunguza mlo, hiyo ni "food security". Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, zilizokaa juani zikiwaumiza watu tumbo, hiyo ni "food safety". Kiswahili hapa kinakusaidia ukikitumia vizuri: ya kwanza iite uhakika wa chakula, ya pili usalama wa chakula. "Social security" na "job security" zinafuata maana hiyo ya uhakika.

Hatua ya 6: Kagua vitenzi na nomino kabla ya kutuma

"Secure" ni kitenzi pia: "secure the load" ni kufunga mzigo usianguke, kama wanavyofanya wenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kwa kamba za mpira, na "secure funding" ni kupata fedha za mradi. "Safe" si kitenzi. Ukitaka kusema kuokoa, ni "save", kwa v. Na ukikuta "the safe" imesimama peke yake, bila nomino nyingine inayoifuata, usitafute amani wala ulinzi: ni lile sanduku la chuma ofisini kwa mhasibu.