Jinsi ya Kuitazama Filamu ya Taharuki Nyumbani

Filamu ya taharuki ya kisaikolojia hutegemea mambo madogo: jicho linalokwepa, kimya kinachorefuka kuliko kawaida, jasho kwenye paji la uso. Kwa sababu hiyo haitazamwi kama filamu ya ngumi, ambayo mtu huinuka akenda kunywa maji na akarudi kumkuta adui angali anapigwa. Maelekezo haya nimeyajenga juu ya filamu ninayoipenda kuliko zote za aina hii, 12 Angry Men, iliyoongozwa na Sidney Lumet mwaka 1957. Ni filamu ya picha nyeusi na nyeupe, yenye dakika 96, na karibu zote hupita ndani ya chumba kimoja.

Waalike watu wachache, na kabla ya kuanza uwaeleze mambo mawili tu. Kwanza, wanaume 12 wanaokaa kwenye meza ile ni raia wa kawaida waliopewa jukumu la kuamua kesi ya mauaji huko New York, na uamuzi wao ni lazima uwe wa kauli moja. Pili, mshtakiwa ni kijana anayedaiwa kumuua baba yake, na akipatikana na hatia atauawa. Zaidi ya hapo usiongeze neno, hata ulimi ukikuwasha namna gani.

Anza baada ya sala ya Isha, watu wakiwa wameshakula. Ukianza alasiri utalazimika kuisimamisha filamu kwa ajili ya Magharibi, na taharuki ikishakatwa haiungiki tena. Kahawa na kashata ziletwe mapema ziwekwe karibu na kila mtu, ili pasiwe na kupitishana vikombe gizani. Ukishawasha filamu, tia komeo mlangoni. Mwongozaji Alfred Hitchcock alipoitoa filamu yake ya taharuki, Psycho, mwaka 1960 alitaka kumbi za senema zisimwingize mtu yeyote baada ya filamu kuanza, na mimi naona alikuwa na haki. Kwetu sisi, ambao hodi ya jirani haikataliwi, ni bora majirani wapewe taarifa mchana. Iwapo umeme wa mtaani kwenu una tabia ya kukatika, tumia kompyuta ya mkononi iliyojaa chaji.

Usitafute nakala iliyotafsiriwa kwa sauti ya msimulizi, kama zile zilizozoeleka kwenye mabanda ya video. Msimulizi hodari huinogesha filamu ya vita, lakini hapa atazungumza juu ya kimya, na kimya ndicho kinachofanya kazi. Chagua nakala yenye maandishi chini ya picha, na asiyefahamu Kiingereza vizuri akae mbele.

Ukiweza, itazame wakati wa kaskazi. Hadithi inatokea siku ya joto kali, feni ya chumba kile haizunguki, mashati yanaganda migongoni, kisha mvua inashuka. Mtazamaji aliyeketi katika chumba cha Mji Mkongwe mwezi wa Februari hahitaji kuelezwa kwa nini watu wale wanakaripiana.

Mara ya kwanza tazama bila kusimamisha. Mara ya pili, siku nyingine, ndipo uchunguze kamera, na hapa ndipo penye utamu. Katika sehemu ya kwanza Lumet aliiweka kamera juu ya usawa wa macho, katika sehemu ya pili akaishusha hadi usawa wa macho, na katika sehemu ya mwisho akaiweka chini yake, hata dari ikaanza kuonekana juu ya vichwa vyao. Wakati huohuo alikuwa akibadilisha lenzi, kila moja ikivuta zaidi kuliko iliyotangulia, hivyo kuta zikaonekana kuwasogelea wale wanaume ingawa hakuna ukuta uliosogezwa. Mtazamaji hubanwa kifua asijue nani anambana. Simamisha picha ya dakika ya tano, kisha ya dakika ya themanini, na utazame dari tu.

Katika mara hiyo ya pili mfuatilie pia mmoja wa wale 12, mwenye miwani, aliyevaa koti lake wakati wenzake wamevua, ambaye anaulizwa kama huwa hatoki jasho na anajibu kuwa hatoki. Subiri mpaka atakapoulizwa kuhusu filamu aliyokwenda kuitazama, kisha uangalie paji lake la uso. Kuna na kisu kinachochomwa juu ya meza. Sitasema cha nani.

Mazungumzo yawekwe mwisho, barazani nje ambako kuna upepo. Muulize kila mtu ni wakati gani hasa alipobadilisha mawazo, na asikubaliwe anayedai kuwa alijua tangu mwanzo mpaka ataje dalili aliyoiona. Akipita mtu ambaye hajaiona na akaketi, badilisheni mazungumzo mpaka aondoke, au mumpangie usiku wake.