Bendi ya mkononi na kubuku raidi kule Disney Florida: ununue nini, uache nini

Familia nyingi zikipanga safari ya Orlando kwenye bustani za michezo za Disney zinachanganya vitu viwili, MagicBand na Lightning Lane, halafu mnabishana kwenye grupu wiki nzima bila kuelewana. Bendi ni ile ya kuvaa mkononi tu, ina chipu, unaigusisha getini unaingia, na ukilala hoteli za Disney inafungua mlango wa chumba na kulipia dukani. Haikurukishi foleni hata moja! Zamani wageni wa hoteli zao walikuwa wanapewa bure, tangu 2021 unanunua, na simu yako inafanya karibu kazi zote hizo, kwahiyo mimi naona ni pambo. Mtoto akilia mnunulie, lakini mtu mzima wa nini jamani.

Pesa inapotoka ni Lightning Lane, ndo ile ya kukata foleni ya raidi, yaani michezo ya kupanda. Kuanzia 1999 mpaka korona inaingia 2020 kitu hiki kilikuwa bure na kiliitwa FastPass, kwahiyo shangazi aliyeenda enzi hizo akikwambia "mbona sisi hatukulipa" hakudanganyi. Kikarudi 2021 kwa dola 15 kwa mtu kwa siku, sasa hivi bei inapanda na kushuka kutegemea siku na bustani, sikukuu za Krismasi inapita 30. Familia ya watu watano hapo ni 150 na zaidi kwa siku moja, tiketi za kuingilia bado hujazigusa. Wanaotetea wanasema likizo ni fupi, usiimalizie foleni, na wana hoja, ila kinachoniudhi ni kwamba wanaolipa wakizidi ile foleni ya kawaida inazidi kuganda, yaani unalipa kukimbia tatizo ambalo malipo yenyewe yanalikuza.

Ukiamua kulipa, siri iko kwenye saa. Kubuku kunafunguliwa saa moja asubuhi ya Florida, siku 7 kabla ya safari kama unalala hoteli zao, siku 3 kabla ya kila siku ya kuingia bustani kama unalala nje. Mlioko London hiyo ni saa sita mchana, mko vizuri, wa California pole yenu ni saa kumi alfajiri. Hakikisheni tiketi za wote zimeunganishwa kwenye akaunti ya mtu mmoja, na huyo ndo abuku, mkigawana kazi mtajikuta baba ana raidi saa nne na watoto saa nane. Unachagua raidi tatu za kwanza, siku yenyewe ukishatumia moja unaongeza nyingine kwa simu, kwahiyo powabanki ni lazima.

Pimeni watoto urefu kabla ya kulipa chochote, raidi ya TRON inataka sentimita 122, Space Mountain 112, na hakuna wa kumbembeleza pale mlangoni. Wenye mtoto mdogo ulizieni Rider Switch, ni bure, mzazi mmoja anabaki na mtoto mwenzie akapande, wakibadilishana yule wa pili hapangi foleni upya.

Getini wanapima alama ya kidole. Kama hutaki, mwambie mfanyakazi umwoneshe kitambulisho chenye picha, ila jina la kwenye tiketi lifanane nacho, sio tiketi imeandikwa jina la nyumbani na paspoti ina majina mengine matatu.

Na ukienda katikati ya wiki shule hazijafunga, ukafika geti halijafunguliwa, Lightning Lane unaweza usiihitaji kabisa.