Tarehe na saa kwenye kodi ya programu (code): nilivyozinyoosha kwenye mfumo wa tiketi

Wakuu, nipo hapa Mbeya, natunza mfumo wa tiketi za mabasi ya Tunduma na mengine yanavuka hadi Lusaka. Kodi niliirithi, na kila aliyepita humo aliandika tarehe anavyojua yeye: huku 05/03/2024, kule 2024-03-05, kwingine "saa 12" basi. Hiyo saa 12 ndo ilitumaliza. Karani kaandika akimaanisha asubuhi, mfumo ukaisoma 12:00, abiria kapata meseji aje saa sita mchana, anafika stendi ya Nane Nane gari lishafika Tunduma kitambo. Alivyotukana sitaandika.

Hatua ya 1: Tafuta, usiguse. Pitia kodi yote utafute `datetime.now`, `utcnow`, `strptime` (yangu ni Python). Kila utakapokuta jiulize swali moja tu, hiki ni kitu kilichotokea au ni saa ya ratiba? Tiketi kuuzwa ni tukio. Basi kuondoka Jumatatu ijayo ni ratiba. Ukivichanganya hivi viwili hatua zingine zote hazikusaidii.

Hatua ya 2: Matukio yote UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, ambayo ipo nyuma yetu saa tatu. Kwenye kodi ni `datetime.now(timezone.utc)`. Achana na `utcnow`, inarudisha saa isiyojua ni ya wapi, na kuanzia Python 3.12 inakupa onyo uiache. Kwenye Postgres (hifadhidata yetu) tumia `timestamptz`, ila usidanganyike na jina, haitunzi ukanda wa saa, inageuza kuwa UTC inatunza hivyo.

Data ya zamani ndo kazi sasa. Chukua bakapu kwanza, halafu:

`ALTER TABLE tiketi ALTER COLUMN iliuzwa TYPE timestamptz USING iliuzwa AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam';`

Mimi ilinibidi nisimame kabla ya kubonyeza, maana seva yetu ilihamishwa katikati ya mwaka na ile mpya ilikuwa inatembea kwa UTC, kwa hiyo kolamu moja ina tiketi za saa za kwetu na za UTC humo humo na kwa macho huzitofautishi. Nikatafuta siku ya kuhama, za kabla nikazisoma kwa saa za Dar, za baada kwa UTC. Uliza watu wa seva aisee, usikisie.

Hatua ya 3: Ratiba itunze kama ilivyo ukutani, pamoja na jina la ukanda, `Africa/Dar_es_Salaam` au `Africa/Lusaka`, sio "+3". Sisi hatubadilishi saa kwa msimu lakini serikali yoyote inaweza kuamua kesho, na basi la 06:00 litabaki la 06:00. Halafu Zambia wapo nyuma yetu saa moja, Tunduma ikiwa 06:00 hapo Nakonde ni 05:00, na ni kuvuka tu.

Hatua ya 4: Faili moja. Nina `saa.py`, ina `sasa()`, `soma()` na `onyesha()`, kwingine kote ni marufuku kuita saa moja kwa moja, na kuna testi inagoma ikikuta. Data inayotumwa nje ya mfumo inaenda kwa ISO 8601, muundo wa kimataifa wa kuandika tarehe na saa, mfano `2024-03-05T03:00:00Z` (hiyo Z mwishoni ni UTC).

Hatua ya 5: Saa ya Kiswahili iwe ya kuonyesha tu. `(h + 6) % 12`, `h` ni saa ya mfumo wa 24 na `%` ni baki la kugawanya, ikitoka sifuri andika 12. Saa 20 inakuwa mbili, saa 6 inakuwa kumi na mbili. Karani asiandike kwa mkono, achague kwenye orodha "saa 12 asubuhi" na nyuma iende 06:00. Angalia sana saa za usiku: mtu akisema "saa nane usiku Jumanne" wengine wanaelewa usiku wa kuamkia Jumatano, sasa sisi tunaandika kabisa "usiku wa kuamkia Jumatano tarehe 6" na simu za malalamiko zimepungua.

Hatua ya 6: Ripoti ya siku. Ukikata siku kwa UTC, tiketi za kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa zinaangukia jana, na mhasibu anaanza kumtilia shaka karani wa watu. Tumia `date(iliuzwa AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam')`. Kujaribu, uza tiketi ya uongo saa nane na nusu usiku kisha fungua ripoti ya siku hiyo. Kama haimo, rudi hatua ya 2.