Kuhifadhi Grafu ya Pande Tatu kama Picha: Mfano wa Maji ya Bamvua Tanga

Mwaka jana nilipeleka grafu ya pande tatu kwenye duka la steshenari hapa Ngamiani, Tanga, ili ichapishwe kwenye vitini vya wanafunzi wangu, na karatasi ilipotoka namba za mhimili wa wima zilikuwa ukungu mtupu. Mashine haikuwa na kosa lolote. Mimi ndiye niliyepiga picha ya skrini badala ya kuihifadhi grafu kwa amri ya programu yenyewe. Mwongozo huu unatumia lugha ya programu ya Python pamoja na maktaba zake za NumPy (ya hesabu) na Matplotlib (ya michoro), nami nachukulia kwamba umekwisha kuzisakinisha.

Kwanza tunahitaji uso wa kuchora. Nimechagua maji ya bahari, kwa kuwa kila aliyekulia pwani anajua kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kwamba kila siku yanachelewa kwa takriban dakika 50. Mvuto wa mwezi unaleta wimbi lenye kipindi cha saa 12.42 na mvuto wa jua unaleta lenye kipindi cha saa 12. Mawimbi hayo yanapoungana tunapata bamvua, na yanapopingana tunapata maji mafu. Urefu wa mita 1.1 na 0.5 niliouweka ni wa mfano tu, na kwa kuwa bahari halisi ina mawimbi mengine mengi, mchoro huu haufai kumwongoza mtu anayekwenda kuvua.

import numpy as np
import matplotlib.pyplot as plt

saa = np.linspace(0, 24, 97)
siku = np.arange(0, 16)
S, K = np.meshgrid(saa, siku)
t = 24*K + S - 4
Z = 1.1*np.cos(2*np.pi*t/12.42) + 0.5*np.cos(2*np.pi*t/12)

Angalia kwamba siku ni namba kamili. Ukiweka siku zenye desimali, wimbi la mwezi litapanda na kushuka karibu mara mbili ndani ya kila siku kwenye mhimili wa siku pia, na uso utageuka fujo isiyosomeka. Ile 4 inayotolewa inafanya maji ya bamvua yajae alfajiri na alasiri. Kumbuka pia kuwa saa 0 ya kompyuta ni saa sita usiku kwetu. Waandikie wasomaji hivyo kwenye mhimili, la sivyo mwanafunzi atasoma 4 akadhani ni saa nne.

Hatua ya pili ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote: amua ukubwa wa picha kabla ya kuchora, kwa kuanzia na karatasi itakapokaa. Nafasi niliyonayo kwenye kitini ni sentimita 16, yaani inchi 6.3.

fig = plt.figure(figsize=(6.3, 4.7))
ax = fig.add_subplot(projection="3d")
ax.plot_surface(S, K, Z, cmap="viridis", rcount=16, ccount=97)
ax.set_xlabel("Saa tangu saa sita usiku")
ax.set_ylabel("Siku")
ax.set_zlabel("Kimo cha maji, mita")

Usipotaja rcount na ccount, programu huchukua sampuli zisizozidi 50 kila upande, na hapa ingeruka nusu ya vipimo vya saa bila kukuarifu.

Sasa tafuta pembe. Andika plt.show(), zungusha mchoro kwa kipanya mpaka uone matuta ya maji yanavyokwenda mshazari siku hadi siku na kulala kwenye maji mafu karibu na siku ya saba, kisha funga dirisha. Amri print(ax.elev, ax.azim) ikiwekwa baada ya hapo itakupa namba mbili za pembe uliyoipenda. Ziandike kwenye msimbo, ili picha ya leo na ya mwezi ujao zitoke sawasawa, kisha ondoa plt.show():

ax.view_init(elev=38, azim=-55)
ax.set_box_aspect(None, zoom=0.85)
fig.savefig("bamvua.png", dpi=300)

Mstari wa kati unapunguza mchoro kidogo ndani ya fremu, kwa sababu maandishi ya mhimili wa wima hupenda kukatwa ukingoni. Wengi hutibu tatizo hilo kwa bbox_inches="tight", lakini chaguo hilo hubadilisha vipimo vya picha, na ile hesabu ya sentimita 16 inapotea. Nimeandika fig.savefig kwa makusudi pia: ukitumia plt.savefig baada ya dirisha kufungwa, utapata karatasi nyeupe isiyo na kitu, kwa kuwa mchoro uliokuwepo umekwisha kuondolewa na mpya mtupu umefunguliwa mahali pake.

Kwa dpi=300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, picha itakuwa na pikseli 1890 kwa 1410. Kwa nukta 100 za kawaida ungepata 630 kwa 470 tu, na huo ndio ukungu nilioulipia. Baki na PNG. JPEG huchafua kingo za herufi, na PDF, ingawa ni bora kwa grafu za mistari, mara nyingi huonyesha nyufa nyembamba nyeupe kati ya vipande vya uso.

Kabla ya kutoka nyumbani, fungua faili kwa ukubwa wake kamili na usome namba ndogo kabisa ya mhimili wa wima. Ukiituma dukani kwa simu, itume kama waraka, si kama picha, kwani programu za ujumbe huzibana picha na pikseli ulizozihesabu hazitafika.